Je, Mtu Atajibu kwa Bei Asiyoitawala?

Liko swali ambalo kila afanyaye biashara hukutana nalo mapema au baadaye, wala haliwahusu wafanyabiashara peke yao. Swali lenyewe ni hili: mtu akikadiria jinsi bei zitakavyokwenda, akatumia fedha kwa kufuata makadirio yake, kisha bei zikaenda kinyume na watu wakapata hasara, je, ana hatia? Wengine hujibu upesi kwamba hana, kwa kuwa hakuna mtu anayeitawala bei. Wengine hujibu upesi vile vile kwamba anayo, kwa kuwa fedha zilizopotea zilikuwa mikononi mwake. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Yafaa tulitazame jambo hili polepole, tena tulitazame katika kisa kilichotokea kweli, maana katika mambo ya maadili ni rahisi kusema maneno mazuri yasiyomgusa mtu yeyote.

Kuyumba kwa bei ni nini?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Wafanyabiashara wa masoko makubwa ya hisa hawakadirii tu kama bei itapanda au itashuka. Hukadiria pia bei itayumba kiasi gani. Mambo hayo mawili ni mbalimbali. Mnunuzi wa mahindi aweza kusema, "Sijui kama gunia litapanda au litashuka mwezi ujao, lakini kwa nilivyoona miaka yote, halitatoka mbali na hapo lilipo." Mtu huyo hakukisia bei itaelekea wapi. Amekisia ukubwa wa mwendo wake.

Wataalamu hufanya kazi hiyo kwa hesabu. Huchukua bei za siku nyingi zilizopita, hutazama kila siku bei ilibadilika kwa kiasi gani, na mwishowe hupata tarakimu moja. Tarakimu ikiwa ndogo, husema soko limetulia. Ikiwa kubwa, husema soko limechafuka. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walitoa kanuni mashuhuri ya kupanga bei ya mikataba ya namna fulani, na kanuni hiyo haifanyi kazi bila tarakimu hiyo ya kuyumba. Mnamo Oktoba 1994 benki ya J.P. Morgan ya Marekani iliwapa watu wote utaratibu wake wa kupima hatari, ulioitwa RiskMetrics. Utaratibu huo ulizipa siku za karibuni uzito kuliko siku za zamani, nao uliweza kumwambia mtu jambo kama hili: katika siku 95 kati ya 100, hasara yako ya siku moja haitapita kiasi fulani.

Hesabu kama hizo ni kitu chema. Mtu anayepima ni afadhali kuliko mtu anayekwenda kwa hamu tu. Lakini zina upungufu ambao kila anayezitumia ameambiwa tangu mwanzo. Upungufu wa kwanza ni kwamba zinatoka katika siku zilizopita, na siku tulivu humfundisha mtu utulivu. Siku ya Jumatatu, 19 Oktoba 1987, kipimo cha hisa cha Dow Jones huko New York kilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja tu. Miezi iliyotangulia haikuwa na siku hata moja iliyofanana na hiyo. Upungufu wa pili ni kwamba hesabu inayosema juu ya siku 95 imenyamaza kimya juu ya zile tano zilizobaki. Haikusema kwamba siku hizo tano zitakuwa mbaya kidogo tu. Haikusema lolote.

Kisa cha benki ya Barings

Sasa tukitazame kisa chenyewe. Benki ya Barings ilianzishwa London mwaka 1762. Ilikuwa benki ya heshima kubwa, nayo ilishiriki kupata fedha ambazo Marekani ilitumia mwaka 1803 kununua nchi ya Louisiana kutoka Ufaransa. Mwaka 1992 benki hiyo ilimpeleka Singapore kijana Mwingereza aitwaye Nick Leeson, afanye biashara katika soko la mikataba lililoitwa wakati huo SIMEX. Kazi aliyojulikana nayo ilikuwa ndogo na salama. Alipaswa kutafuta tofauti ndogo za bei kati ya soko la Osaka, Japani, na soko la Singapore, anunue penye nafuu na auze penye ghali kwa wakati ule ule.

Lakini palikuwa na mambo mawili. La kwanza, kijana huyo alikuwa mfanyabiashara na papo hapo msimamizi wa ofisi iliyoandika hesabu za biashara hiyo. Aliyenunua na kuuza ndiye aliyesimamia daftari. La pili, Julai 1992 ilifunguliwa akaunti namba 88888, ya kuandikia makosa madogo yanayotokea kila siku katika soko lenye kelele na haraka. Kwa maelezo yake mwenyewe, mambo yalianza na kosa la mtumishi mmoja aliyeuza mikataba 20 badala ya kuinunua, kosa lililogharimu kiasi cha pauni 20,000. Kosa hilo likafichwa katika akaunti ile. Kisha likafuata la pili, na la tatu. Mwisho wa mwaka 1992 hasara iliyofichwa ilikuwa kiasi cha pauni 2 milioni. Mwisho wa 1993 ilikuwa pauni 23 milioni. Mwisho wa 1994 ilikuwa imefika pauni 208 milioni, na wakati huo wakubwa wake wa London walikuwa wakimsifu kwa faida anazowaletea.

Alizipataje fedha za kuendelea kuficha? Hapa ndipo kukadiria kuyumba kwa bei kunapoingia. Leeson aliuza haki za namna mbili kwa pamoja: haki ya kununua na haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, zote juu ya kipimo cha hisa za Japani kiitwacho Nikkei. Anayenunua haki kama hizo hulipa ada papo hapo. Soko likitulia, haki zile hazimfai mnunuzi, na ada yote humbakia muuzaji. Soko likiyumba sana, iwe kwa kupanda au kwa kushuka, muuzaji ndiye anayelipa, na malipo yake yaweza kuipita ile ada mara nyingi sana. Ni kama mtu anayepokea ada ndogo ndogo kwa kila nyumba mtaani, akiahidi kuijenga upya itakayoungua. Miezi isiyo na moto humfanya aonekane tajiri.

Basi kila ada aliyoipokea ilikuwa ni tamko. Alikuwa anasema, "Nakadiria kwamba soko la Japani litatulia." Na kwa siku nyingi lilitulia kweli.

Tarehe 17 Januari 1995, alfajiri, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Kobe na sehemu zake. Watu zaidi ya 6,000 walikufa. Huo ndio msiba wa kweli wa siku hiyo, na hasara za wafanyabiashara hazistahili kuwekwa karibu nao. Lakini soko nalo lilitikisika. Tarehe 23 Januari kipimo cha Nikkei kilianguka kwa zaidi ya pointi 1,000 kwa siku moja. Leeson hakusimama. Alizidi kununua mikataba mingi mno, akitumaini kwamba soko litarudi juu. Halikurudi. Tarehe 23 Februari aliondoka Singapore. Tarehe 26 Februari benki ilitangazwa kwamba imeshindwa. Hasara ilihesabiwa kuwa pauni 827 milioni, zaidi ya mtaji wote wa benki iliyodumu miaka 233. Kampuni ya ING ya Uholanzi iliinunua kwa pauni 1.

Alikuwa na hatia ya nini?

Hapa yafaa tutulie kidogo, maana wengi hukisimulia kisa hiki kama kwamba dhambi yake ilikuwa kushindwa kuliona tetemeko mbele yake. La hasha. Hakuna mwanadamu aliyeliona. Desemba 1995 mahakama ya Singapore ilimhukumu kifungo cha miaka sita na nusu, na makosa aliyoyakiri yalikuwa mawili: kuwadanganya wakaguzi wa hesabu wa benki, na kulidanganya soko la SIMEX. Tazama jambo hilo vizuri. Sheria haikumhukumu kwa kukadiria vibaya. Ilimhukumu kwa kusema uongo juu ya kile alichokuwa amekadiria.

Wengine husema: lakini kama tetemeko lisingetokea, labda angezirudisha fedha zote, na leo angesifiwa, basi hatia yake ni bahati mbaya tu. Hoja hii ina nguvu, wala tusiidharau. Ni kweli kwamba wapo wafanyabiashara waliofanya kama yeye na bahati ikawafunika, nao hatuyajui majina yao. Lakini hoja hiyo yatufundisha kinyume cha inachotaka kusema. Ikiwa mtu hana hatia kwa ajili ya tetemeko, basi ukosefu wa tetemeko nao haumtakasi. Zile pauni 208 milioni zilikuwa zimekwisha kupotea na kufichwa kabla ardhi ya Kobe haijatikisika. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba katikati ya mwaka 1993 hasara yote ya akaunti ile ilikuwa imefutika. Mlango ulikuwa wazi, naye angeweza kutoka. Kisha akarudi. Kama tungekuwa tunapima hatia kwa matokeo tu, tungesema kwamba siku hiyo ya 1993 alikuwa mtu safi. Lakini aliyekuwa safi siku ile ni daftari. Mtu alikuwa bado ni yule yule aliyekwisha jizoeza kuweka fedha za watu mahali wasipopajua.

Wahenga wamesema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa la pauni 20,000 likitajwa siku linapotokea ni aibu ya jioni moja. Likifichwa, linahitaji kosa kubwa zaidi la kulifunika.

Na waliokuwa juu yake?

Je, lawama yote ni ya mmoja? Mnamo Agosti 1994 wakaguzi wa ndani wa benki waliandika kwamba ni hatari mtu mmoja kusimamia biashara na hesabu zake kwa pamoja. Maandishi hayo yalisomwa, na mambo yakaendelea vile vile. London ilizidi kutuma mamilioni ya pauni Singapore kila zilipoombwa. Na kazi ile ya tofauti ndogo za bei, ambayo haikuwa na hatari kubwa, kwa hesabu ya kawaida isingeweza kuleta faida kubwa kama zilizotangazwa. Mtu wa biashara angepaswa kuuliza faida hizo zinatoka wapi. Lakini faida ni kitu kitamu, na mtu haulizi asali imetoka mzinga upi akiwa bado anailamba.

Basi wakubwa nao walikuwa na kosa. Lakini tuangalie tusije tukadhani kwamba lawama ni kama mkate, kwamba wakiila watu wengi kila mmoja hupata kipande kidogo. Kosa la msimamizi aliyelala halipunguzi kosa la aliyeiba, wala kosa la aliyeiba halimwamshi msimamizi. Kila mmoja hujibu kwa lake zima. Na walioumia hawakuwa wakubwa peke yao. Wapo waliokuwa wameikopesha benki jumla ya pauni 100 milioni kwa hati zake wakitegemea riba ya kila mwaka, na hati zao zikawa karatasi tu. Wapo na makarani ambao hawakuwahi kuiona akaunti namba 88888.

Waaminifu waliokosea

Msomaji aweza kusema: basi jambo ni rahisi, asiyedanganya hana hatia. Ningependa iwe hivyo, lakini kiko kisa cha pili kinachotuzuia. Mwaka 1994 ilianzishwa Marekani kampuni iitwayo Long-Term Capital Management. Miongoni mwa washirika wake walikuwamo Myron Scholes, yule wa kanuni ya 1973, na Robert Merton. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Hawa hawakuwa na akaunti ya siri. Walikuwa wakadiriaji hodari kuliko wote, tena waliweka na mali zao wenyewe humo.

Mwanzoni mwa 1998 kampuni ilikuwa na mtaji wa dola 4.7 bilioni hivi, lakini juu ya mtaji huo ilikuwa imekopa zaidi ya dola 120 bilioni. Mzigo mkubwa kama huo huweza kubebwa pale tu makadirio yakiwa sahihi siku zote. Tarehe 17 Agosti 1998 serikali ya Urusi ilisimamisha kulipa madeni yake, masoko yakayumba kuliko tarakimu zilivyosema, na mtaji wa kampuni ukayeyuka. Septemba mwaka huo Benki Kuu ya New York iliwakutanisha wakuu wa benki kubwa, na benki na makampuni 14 yakatoa zaidi ya dola 3.6 bilioni ili kampuni isianguke ghafla na kuyavuta masoko mengine.

Je, wataalamu hao walikuwa na hatia? Hawakuiba, wala hawakusema uongo. Lakini walikuwa wameijenga nyumba yao kwa namna ambayo kosa dogo la hesabu lingewaangukia majirani. Mtu asiyejua hata jina la kampuni ile alikuwa amewekwa chini ya ukuta wake bila kuulizwa. Hapo hatusemi jinai. Hata hivyo twaweza kusema kwamba walipaswa kujibu. Kukadiria kwa uangalifu ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kujiuliza, "Na kama nimekosea?" na kupunguza mzigo kwa kadiri ya jibu.

Maswali matatu

Kutokana na visa hivi viwili twaweza kupata maswali matatu ambayo kila mwenye kukadiria bei ajiulize kabla hajatoa fedha.

La kwanza: mali hii ni ya nani, na mwenyewe anajua ninaifanyia nini? Mtu ana uhuru mkubwa na shilingi yake mwenyewe. Na shilingi ya mwenzake ana uhuru ule tu aliopewa, hauzidi hata kidogo. Mwenye mali akikubali hatari akiijua, hasara ikija ni ya wote wawili. Asipojua, hata faida iliyopatikana imepatikana kwa hila.

La pili: makadirio yangu yakikosea, nani ataumia, na kiasi gani? Swali hili halijibiwi na tarakimu ya kuyumba kwa bei. Tarakimu husema jambo baya laweza kutokea mara ngapi. Haisemi mjane gani atalala njaa likitokea. Hilo ni juu ya dhamiri, wala haliwezi kuachiwa mashine wala mtaalamu.

La tatu: je, naweza kulisema jambo hili leo, kwa sauti, mbele ya wanaonitegemea? Hiki ndicho kipimo kilicho rahisi kuliko vyote, nacho hakihitaji elimu ya hesabu. Yule kijana wa Singapore angejiuliza swali hilo Julai 1992, benki ingepoteza pauni 20,000.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya London na Singapore, hayatuhusu. Lakini katika kila usharika wamo watu walioshika fedha za wengine. Yuko mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo. Yuko mnunuzi anayekabidhiwa fedha za wenzake akanunue mazao wakati wa mavuno, kwa tumaini la bei ya miezi ya njaa. Hao nao hukadiria kuyumba kwa bei, ingawa hawatumii kanuni ya 1973. Na jaribu lao ni lile lile: kukopa kidogo katika kisanduku, kwa siku tatu tu, mpaka bei irudi.

Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, anawakemea wafanyabiashara wanaosema watakwenda mji fulani, wakae mwaka mzima na kupata faida. Wengi husoma hapo kama kwamba anakataza kupanga. Hakatazi. Anachokemea ni kuisema kesho kama kwamba ni mali yetu. Mkadiriaji mwema hupanga, hupima, hutoa tarakimu yake, kisha huacha nafasi kwa ajili ya kile asichokijua. Akiba anayoiacha ndiyo ungamo lake kwamba yeye ni mwanadamu.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mtu hatajibu kwa bei asiyoitawala. Atajibu kwa kiasi alichoweka, kwa mali ya nani aliyoiweka, na kwa kama alisema kweli bei ilipogeuka. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwake siku zote, hata siku ambayo soko lote limeanguka. Ndugu msomaji, ikiwa liko kosa katika daftari unalolishika, jioni ya leo ni wakati mzuri kulitaja kuliko kesho, maana leo bado ni dogo.